Mnara wa Mkunazini: mwambie anayekutembeza asikimbie

Kanisani kwetu mimi ndiye mpiga kengele, mwaka wa 12 huu, kwa hiyo nilivyovuka kwenda Unguja shida yangu haikuwa ufukwe. Nilitaka kuuona mnara wa Kanisa Kuu la Kristo, Mkunazini.

Kijana wa kututembeza tulimpata nje. Akatushusha kwanza kwenye vile vyumba vya chini vinavyohusishwa na biashara ya watumwa. Dari fupi, niliinama mpaka kiuno kikanikumbusha umri. Hapo kijana anaiweza kazi: anasema kidogo, halafu ananyamaza. Ndani ya kanisa vilevile. Soko la watumwa lilifungwa 1873, na Krismasi ya mwaka huohuo jiwe la msingi likawekwa palepale. Akatuonyesha nguzo zilizosimamishwa kichwa chini, inasemekana mafundi walifanya hivyo Askofu Edward Steere akiwa safarini. Mke wangu alicheka, akasema mafundi ni walewale.

Mnara sasa! Dakika mbili, mkono juu, "ule pale", twende. Nikagoma.

Ndipo akasimulia kwamba saa ya mnarani ni zawadi ya Sultani Barghash, kwa sharti kwamba mnara usiipite Beit al-Ajaib, jumba lake la sherehe, kwa urefu. Hadithi tamu, lakini hesabu inanikwaza. Jumba lile ni la 1883. Steere, aliyesimamia ujenzi wa kanisa, alifariki 1882, kazikwa nyuma ya madhabahu. Sultani alipimaje mnara kwa jumba ambalo halijasimama? Nikamuuliza. "Mzee wangu, ndivyo tulivyohadithiwa." Basi, nikamwachia. Yeye hakutaja, nami nikamwongezea, kwamba sehemu kubwa ya jumba hilo iliporomoka 25 Desemba 2020, tarehe ileile ya jiwe la msingi la kanisa. Akaandika kwenye simu.

Jumapili nilirudi peke yangu, bila wa kunitembeza. Nakushauri ufanye hivyo. Simama nje mahali ambapo mnara wa kanisa na mnara wa msikiti wa jirani vinaonekana pamoja, usubiri kengele. Mlio wake mzito kidogo kuliko wa kwetu, na mpigaji hana papara. Mimi mwisho huwa naharakisha.

Nyota 4. Ya tano ingekuwa ya zile dakika mbili.