Chakula cha Paka Mwenye Kisukari: Geuza Kipakiti, Usome Nyuma

Wasomaji wenye paka wa kisukari wananiletea lalamiko lile lile kwa sura tofauti: insulini inachomwa asubuhi na jioni, paka ananunuliwa vipakiti vya bei mbaya vyenye picha ya kuku aliyeiva vizuri, na bado mashine ya kupima sukari inasoma ishirini na kitu, yaani juu mno. Msomaji mmoja wa Mbezi amenitumia picha ya kipakiti chenyewe, upande wa nyuma. Nimekisoma. Kuku hana kosa. Shida ni mchuzi.

Kwa hiyo leo sitagusa umri wa paka, wala kama anapenda samaki au kuku. Hayo yameandikwa kila mahali. Nataka mtoe kikokotoo cha simu.

Paka ni mla nyama hasa. Mwili wake unajitengenezea sukari kutokana na protini, na wanga mwingi ni mzigo kwake hata akiwa mzima. Kwa mwenye kisukari, tafuta chakula ambacho wanga unatoa kama asilimia 10 ya nishati yote, au chini ya hapo. Paka aliyegundulika mapema, akipata insulini pamoja na chakula cha namna hiyo, anaweza hata kufika mahali akaachishwa sindano. Ndiyo maana nimekuwa mkali.

Sasa geuza kipakiti. Utakuta protini, mafuta, nyuzinyuzi, majivu na unyevu. Wanga hauandikwi! Unautafuta mwenyewe: chukua 100, toa hivyo vitano, kinachobaki ndicho wanga. Majivu maana yake ni madini. Kama hayakuandikwa, kadiria 2 kwa chakula cha majimaji na 8 kwa kikavu.

Tuseme kipakiti cha vipande kwenye mchuzi kimeandikwa protini 8, mafuta 3, nyuzinyuzi 0.3, majivu 2, unyevu 82.5. Ukitoa, unabaki na 4.2. Wengi wanaishia hapo na kushangilia, "asilimia nne tu!" Lakini zaidi ya robo tatu ya kipakiti ni maji, na maji hayana nishati. Endelea. Protini zidisha kwa 3.5, wanga nao kwa 3.5, mafuta kwa 8.5; hizo ni kalori zinazotoka kwenye gramu moja ya kila kimoja. Unapata 28, 14.7 na 25.5, jumla 68.2. Wanga umebeba 14.7 kati ya hizo, yaani karibu asilimia 22. Mara mbili ya tunachotaka. Rudia hesabu hiyo kwa kopo la nyama iliyosagwa laini, lenye protini 10.5, mafuta 5, nyuzinyuzi 0.5, majivu 2.2 na unyevu 81. Wanga ni 0.8, na nishati yake haifiki asilimia 4. Vyote viwili utavikuta rafu moja.

Mchuzi hufanywa mzito kwa unga wa ngano au wanga wa mahindi, na baadhi ya viwanda vinatia na sukari. Hapa ndipo ninapokereka, maana paka haonji utamu. Mwaka 2005 watafiti wa Kituo cha Monell, Philadelphia, walionyesha kwamba jeni inayohitajika ili mnyama atambue utamu imeharibika kwa paka. Sukari ile inasaidia mchuzi upate rangi nzuri ya kahawia. Tumewekewa sisi wenye pochi.

Basi tupange.

Namba moja kwangu ni Purina Pro Plan Veterinary Diets DM, la kopo. Sijifichi, naipendelea chapa hii na sitajifanya hakimu. Nyama imesagwa laini na kushindiliwa. Ukiligeuza kwenye sahani linatoka zima, limebaki na mistari ya kopo ubavuni, halitiririki. Harufu yake ni nzito, itakufanya ufungue dirisha, ila paka wagumu wa kula wanaliinamia. Protini ni nyingi na wanga ni kidogo sana. Kasoro ni moja: paka mwenye figo zilizochoka hafai kupewa bila daktari wa mifugo kupima damu kwanza, na wapo paka wazee wenye shida ya figo na kisukari kwa pamoja. Kama DM halipo, Hill's m/d la kopo nalichukua bila kinyongo. Angalia tu usipewe w/d. Herufi moja imebadilika, lakini hiyo ina nyuzinyuzi nyingi na wanga zaidi.

Namba mbili ni kopo la kawaida la supamaketi, la paka mzima, nyama iliyosagwa, ambalo limefaulu hesabu yako. Si lazima liandikwe kisukari. Lazima liandikwe kwamba ni chakula kamili, kwa sababu yapo makopo ya jodari mtupu ambayo ni kitoweo tu, hayawezi kumlea paka. Ndugu zetu walioko Marekani wamerahisishiwa: Fancy Feast Classic Pate, ya Purina hao hao, ina wanga mdogo na haihitaji cheti cha daktari.

Namba tatu, Royal Canin Diabetic ya punje, yaani chakula kikavu. Wanga wake ni mdogo kuliko punje za kawaida, lakini punje bila wanga hazishikani, kwa hiyo usitegemee ifanane na kopo. Naiweka kwa ajili ya paka aliyegoma kabisa chakula cha majimaji, na kwa anayeshinda kazini, maana kopo lililofunguliwa kwenye joto la Dar halisubiri mtu. Pakiti za chapa hii zinafanana, hivyo soma jina lote. Kuna watu wameuziwa ya paka wenye shida ya mkojo wakaambiwa ni "ndugu yake".

Ugali na dagaa? Ugali ni wanga, uondoke. Nyama ya kuchemsha peke yake haina kalsiamu ya kutosha, na taurini, ambayo moyo na macho ya paka vinaihitaji, nyingi inabaki kwenye maji ya kuchemshia. Punje za kupima kwa kilo sizijadili.

Kabla hujabadilisha chochote, mpigie daktari. Paka anayechomwa insulini ukimpunguzia wanga ghafla, dozi ya jana inaweza kuwa kubwa mno leo, sukari ikashuka mpaka akayumba au akapata degedege. Dozi apange daktari, wewe pima sukari mara nyingi katika siku hizo. Asali iwe karibu, ya kumpaka kwenye fizi akilegea, halafu mkimbize kliniki. Na usimwache na njaa ili azoee kopo jipya. Paka mnene akikaa siku mbili tatu bila kula, mafuta yanaweza kumjaa kwenye ini, na huo ni ugonjwa wa kuua. Changanya kidogo kidogo.

Sasa wauzaji, jamani. Unaona tangazo la kopo, picha safi, bei hakuna. Unauliza, unajibiwa "njoo inbox". Unakwenda inbox, unaulizwa uko wapi, na ukitaja mtaa ndipo bei inazaliwa. Wiki inayofuata dola imepanda. Inayofuata tena, mzigo haujaingia. Kisha anakuletea punje zilizoandikwa kwamba ni za kupunguza uzito: "Hii nayo ya sukari, dada." Si ya sukari! Mara nyingi wamepunguza mafuta, na nafasi yake imejazwa nyuzinyuzi na wanga. Na wale wanaofungua gunia na kupima punje kwenye mifuko ya plastiki wametupa kitu pekee nilichokihitaji, yaani maandishi ya nyuma na tarehe ya kuharibika.

Kabla hujatuma hela, mwambie muuzaji akupigie picha ya nyuma ya kopo, namba zisomeke. Akikutumia ya mbele kwa mara ya pili, tafuta duka lingine.