Mwalimu wa mbwa anayekuja nyumbani Malindi: anafaa, ila mwite jioni

Kama una kijibwa kinachong'ata kila kinachopita, na unaishi kwenye mtaa wenye majirani ukuta kwa ukuta, si kwenye bangaloo la ufuoni, soma kabla hujatoa pesa.

Namzungumzia yule kijana anayezunguka majumbani kufundisha mbwa. Hana ofisi wala bango. Watu humpata kwa kuulizia maduka ya dawa za mifugo, au kwa walinzi wa nyumba za Waitaliano kule Casuarina, ambako ndiko alikoanzia kazi. Mimi nakaa Muyeye, nina vyumba vya kupangisha, na kijibwa changu, Bisi, nilimchukua aje alinde ua. Alikuja na miezi miwili hivi na meno yake ni kama sindano za cherehani. Wapangaji wakaanza kupitia mlango wa nyuma.

Swali la kwanza la mwalimu lilikuwa Bisi aliachishwa mama yake akiwa na umri gani. Niliona ananipotezea wakati, kumbe ana sababu. Watoto wa mbwa hucheza kwa kung'atana. Mmoja akizidisha, mwenziwe analia na mchezo unakatika, na hapo ndipo wanapojifunza kupima nguvu za taya. Kilichoondolewa mapema, cha wiki tano kwa mfano, hakijapata somo hilo, basi mtalimalizia nyinyi kwa ngozi zenu. Halafu kuna meno yenyewe. Yale 28 ya utotoni huanza kung'oka akifika miezi mitatu au minne, yakipisha 42 ya ukubwani, na ufizi humsumbua mpaka karibu miezi saba. Kwa hiyo anayekuahidi kijibwa kitaacha kutafuna baada ya wiki moja, mwambie asante na umsindikize getini. Huyu hakuahidi hivyo.

Kilichonifanya nimheshimu ni somo la leso. Alikaa barazani bila kumgusa mbwa. Akamwambia binti yangu apite uani kama anavyopita siku zote kwenda kuanika nguo, leso kiunoni. Bisi huyo, akadaka pindo. Binti akapiga ukelele, akavuta leso yake, akakimbia, na Bisi akaburutwa nyuma yake huku mkia unamcheza kwa raha. "Umeona, dadangu? Unamchezesha," mwalimu akasema. Akamrudisha apite tena. Safari hii akidakwa asimame palepale, mikono kifuani, macho pembeni, asivute, asiseme neno. Bisi akavuta, akanguruma, akavuta tena. Leso haikujibu. Mwisho akaiachia, akakaa chini akimwangalia binti kwa kumshangaa. Papo hapo kipande cha maini ya kuchemsha kikamwangukia miguuni.

Huko ndiko kufundishwa kwenyewe. Meno yakigusa mtu au nguo, mchezo umekwisha: unasimama, au unaondoka na kufunga mlango kwa nusu dakika, kisha unarudi kama hakuna lililotokea. Mikono si ya kuchezea. Na lazima nyumba nzima ifuate, maana mmoja akikaza na mwingine akacheka, mbwa anabaki kubahatisha. Kumpiga kofi la mdomo, kumbana taya, kumpaka pilipili, yote aliyakataza. Mbwa anayepigwa mdomoni huanza kuogopa mkono wa mtu, na mwenye hofu ndiye anayeuma kikweli akishakua. Alitaka pia tulie kama kijibwa tukiumwa. Kwa Bisi ikawa kama tumempigia ngoma, akazidi. Mwalimu aliiacha mbinu hiyo siku ileile bila ubishi, na hilo nimempa alama.

Kuhusu vya kutafuna, alipitia jiko langu kama mkaguzi wa afya. Kifuu hapana, kinapasuka vipande vikali na kinaweza kuvunja jino. Kumbi la nazi hapana, nyuzi zake zinamezwa na kujikunja tumboni. Kokwa la embe hapana, likiziba utumbo ni upasuaji. Mifupa ya kuku iliyopikwa hapana kabisa. Ukiondoa hayo yote, jiko la Pwani limebaki na nini? Akachukua taulo kuukuu, akalilowesha, akalipiga fundo, akalitia kwenye friza. Hilo na karoti iliyogandishwa vimefanya kazi nzuri kuliko mpira wa kutafuna niliokuwa nimenunua kwa bei ya kilo kadhaa za mchele. Taulo mpe ukiwa unamwona, akianza kulichana uliondoe.

Sasa nije kwenye jambo ambalo mwalimu hakuja nalo, ikabidi tulishone pamoja. Somo lake la kawaida ni kumgeuza mbwa kutoka kung'ata hadi kulamba: akikulamba mkono badala ya kuuma, anasifiwa. Kwa Mzungu wa Casuarina sawa. Kwangu, jirani wa upande wa kulia ni bibi mtu mzima anayetoka na udhu kwenda kuswali, na kwa madhehebu ya Shafii, ambayo ni ya wengi huku Pwani, palipoguswa na mate ya mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mbwa anayelamba kwa mapenzi anamtia bibi wa watu kazi sawasawa na anayeng'ata. Nikamwambia mwalimu, mimi sitaki mdomo mlaini, nataka mdomo usiofika. Hakunibishia. Akamwekea Bisi kipande cha mkeka karibu na mlango wa stoo, na maini yakahamia huko: geti likilia, mkekani, ukikaa mkekani unakula, ukimfuata mgeni hupati kitu. Mwanzoni tulimfunga kamba ndefu ili asipate nafasi ya kufikia kanzu wala buibui la mtu. Bibi alikuja kuomba kitunguu juzi, akasimama getini akauliza, "Leo amefungwa?" Nikamjibu, "Hajafungwa, Bi Mkubwa, yuko kazini." Hakuingia, lakini hakukimbia.

Malalamiko ninayo. Kubwa ni saa. Mwalimu huja saa tatu asubuhi, wakati Bisi kashiba uji na analala. Kijibwa hulala hata saa 18 au 20 kwa siku. Kichaa chake hupanda baina ya alasiri na magharibi, akishachoka bila kujijua, na ndipo watoto wanapotoka madrasa wakipita na kukimbia. Ukimwonyesha mwalimu mbwa aliyelala, utafundishwa nadharia. Nilimbana mpaka akaja jioni, na ziara hiyo moja ilinifaa kuliko za asubuhi zote. La pili, hakuuliza lolote kuhusu chanjo. Anayefanya kazi na meno ya mbwa anapaswa kuanza hapo: chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa kuanzia miezi mitatu, na kabla ya hapo au baadaye, mtu akitobolewa ngozi anaosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali, hata kama mkosaji ni kijibwa cha nyumbani kinachopendeza.

Nampa nne kwa tano. Asiyefaa kumwita ni yule anayetaka kumwachia mbwa na kwenda zake sokoni, kwa sababu muda mwingi mwalimu anawafundisha nyinyi. Alinitoza shilingi 1,500 kwa ziara, nauli ya bodaboda juu yangu, na analipwa kwa M-Pesa baada ya kazi. Maini ni ya kwako pia, na uyakate madogo, saizi ya punje ya hindi.