Dodoso la mapendeleo ya kazi la O*NET: nilivyolitumia pamoja na shemeji yangu

Shemeji yangu ana miaka 43, na alikuwa mtunza stoo kwa miaka 16 kabla kampuni yao haijapunguza wafanyakazi. Ndugu tulichanga tukampeleka katika ofisi moja hapa Dar es Salaam inayofanya tathmini za kisaikolojia na za kazi kwa watu wazima. Alijaza dodoso la Kiingereza, akapewa karatasi yenye herufi nne za kueleza haiba yake, na hakuna aliyeketi naye kumweleza herufi hizo zinahusiana vipi na riziki yake. Ndipo nikatafuta dodoso la O*NET (hazina ya taarifa za kazi mbalimbali), ambalo Wizara ya Kazi ya Marekani imeliweka kwenye intaneti bila malipo wala kujisajili.

Lina vipengele 60, kila kimoja kikitaja shughuli fulani, nawe unachagua ngazi moja kati ya tano, kuanzia kutoipenda kabisa hadi kuipenda sana. Majibu hujumlishwa katika makundi 6 yanayotokana na nadharia ya mwanasaikolojia John Holland ya mwaka 1959: kazi za vitendo, za uchunguzi, za sanaa, za kuhudumia watu, za biashara na uongozi, na za utaratibu. Kila kundi hupata alama kati ya 0 na 40.

Mara ya kwanza tulilijaza wiki mbili tu baada ya yeye kuachishwa kazi, na karibu kila kipengele alijibu kwamba hana uhakika. Makundi yote yakalingana. Nilidhani dodoso ni bovu, kumbe mtu aliyevunjika moyo hawezi kueleza anapenda nini. Tulikwenda hospitali, mwanasaikolojia akampima kwa dodoso fupi la maswali 9 kuhusu hali yake katika wiki mbili zilizopita, akazungumza naye kwa wiki kadhaa, na ndipo tukarudi kwenye suala la kazi. Kwa hiyo nawasihi wenye ndugu waliopoteza ajira wasianze na kazi kabla ya kumwuliza mtu analala vipi na anakula vipi.

Mara ya pili nilimsomea kwa Kiswahili, kwa kuwa toleo la Kiswahili sikulipata. Maelekezo yanamtaka mtu asifikirie elimu aliyo nayo wala malipo ya kazi, na hilo ndilo lililotuchukua muda mrefu kuliko yote. Nilipofika kwenye kujenga kwa matofali au kupanga vigae, alijibu kabla sijamaliza:

“Sipendi kabisa, shemeji. Mvua ikinyesha fundi halipwi.”

Nilimkumbusha kwamba hapa hatuulizwi habari za malipo. Alinyamaza, akatazama viganja vyake, kisha akasema kwamba vigae vya bafuni kwao alivipanga mwenyewe, na siku hiyo alisahau hata kula. Tukabadilisha jibu. Kama angekuwa peke yake mbele ya kompyuta, jibu la kwanza lingebaki, na matokeo yote yangepinda.

Safari hii kazi za vitendo zilipata alama 34 na za utaratibu 31, hali makundi mengine yakiwa mbali chini. Orodha ya kazi ambayo dodoso huonyesha baada ya alama imepangwa kwa ngazi 5 za maandalizi, yaani elimu na mafunzo ambayo kazi inahitaji, na ngazi hizo zinasaidia sana, ila mishahara inayotajwa ni ya Marekani na haifai kutazamwa. Pia ieleweke kwamba dodoso hili linapima kupenda tu, halipimi kuweza. Anayetaka kujua uwezo wake wa kufikiri amwone mtaalamu aliyefunzwa kutoa vipimo kama cha Wechsler, ambacho wastani wake ni 100, na aulize wastani huo ulipatikana kwa watu wa nchi gani, maana mtu hupimwa kwa kulinganishwa nao.

Kwa mtu mzima anayebadilisha kazi nalipendekeza kwa dhati, mradi awepo wa kumsomea na kumsikiliza. Sisi lilituchukua saa moja na nusu. Shemeji ameuliza VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, kuhusu kozi fupi ya uwekaji vigae, na karatasi ya matokeo ameibandika ndani ya mlango wa kabati lake.