Brauza ilijiapdeti usiku, asubuhi bukumaki zote hazipo: uzoefu wangu

Kabla sijaeleza chochote, kama na wewe umepatwa na hili sasa hivi, usiguse kitu. Usifute brauza ukainstoli upya, usibonyeze batani yoyote ya kusafisha data, ifunge tu kwanza utulie, maana mara nyingi bukumaki zako, yaani zile kurasa ulizoziwekea alama uzirudie, bado zimo humo humo ndani ya kompyuta. Mimi zangu nilizipata. Ila njia niliyopita mpaka kuzipata ndo imenifanya niandike haya.

Brauza yenyewe siitaji jina. Nimeitumia miaka mingi na nilikuwa naisifia kwa watu, haili ramu ovyo, kurasa nzito inazifungua bila kukwama, na ina folda za bukumaki zilizopangika vizuri kuliko nyingine nilizojaribu. Sasa ikajiapdeti yenyewe. Sikuomba wala sikubonyeza kukubali, nimezima kompyuta usiku kila kitu kipo, nawasha asubuhi nakutana na ukurasa wa kunikaribisha kana kwamba ndo kwanza nimeipakua. Lugha imerudi Kiingereza, ukurasa wangu wa mwanzo haupo, kizuia matangazo hakipo, paswedi zilizohifadhiwa hakuna, kila tovuti inanitaka niingie upya, nikaangalia pale juu kwenye upau wa bukumaki, peupe kabisa. Mwili uliniisha nguvu aisee.

Kuna watu watasema aah, bukumaki tu, si utasachi upya. Hapana jamani. Kitu unachokikumbuka utakisachi, lakini nusu ya vitu nilivyoweka mule niliviweka ndo ili nisilazimike kuvikumbuka. Nilikuwa na folda ya kurasa za kisukari nilizokusanya kidogo kidogo tangu mama alipoanza dawa, kila ukurasa nimeusoma na kuuchuja, mwingine mzuri mwingine nimeutupa. Nilikuwa na maelekezo ya kutengeneza printa ya zamani ambayo hata walioiunda hawaiongelei tena. Nilikuwa na folda ya kazi za watu ninaowakubali, majina yao hata siyajui, najua tu ukurasa ulikuwa na rangi gani. Utasachi nini hapo? Huwezi kutafuta kitu ambacho hukumbuki kama unacho.

Nikawaandikia watu wa msaada. Jibu lilikuja haraka, hilo nawapa, lakini lilivyokuwa ndo limenichoma zaidi ya apdeti yenyewe: niondoe brauza kabisa, nitiki na kile kisanduku cha kufuta data ya mtumiaji, halafu niinstoli upya. Yaani ningewasikiliza ningezika kila kitu kwa mkono wangu, kwa sababu hiyo "data ya mtumiaji" wanayoiongelea ndo bukumaki zenyewe, ndo paswedi, ndo setingi. Hakuna aliyeniuliza kama zamani nilikuwa nazo ngapi, hakuna aliyesema angalia kwanza folda fulani. Mtu anayejibu watumiaji waliopoteza vitu hatakiwi kuanza na kufuta, haijalishi ana haraka kiasi gani.

Kilichokuwa kimetokea ni hiki. Brauza karibu zote huweka vitu vyako kwenye folda inaitwa profaili, na programu yenyewe inakaa sehemu nyingine mbali na hiyo. Apdeti inabadilisha programu, profaili haitakiwi kuguswa. Yangu haikufutwa kweli, ila toleo jipya lilitengeneza profaili mpya tupu likafungua hiyo, ya zamani likaiacha imekaa pembeni bila kusema neno. Nilipoingia kwenye folda ya profaili nikakuta mbili, moja ndogo ya leo, nyingine kubwa, mara ya mwisho imebadilishwa jana usiku. Nikaikopi ile kubwa nikaiweka kwenye flashi kwanza, halafu ndo nikaiambia brauza ifungue na hiyo. Bukumaki zikarudi na folda zake, na mpangilio wake. Nilikaa kimya nikizitazama tu.

Kwa wanaotumia Firefox, andika about:profiles pale kwenye anwani, utaona profaili zote na ipi inatumika. Tangu toleo la 67 la mwaka 2019, kila usakinishaji wa Firefox una profaili yake, kwa hiyo ukiinstoli nyingine pembeni inaweza kukufungulia tupu na wewe ukadhani umeibiwa. Bukumaki zinakaa kwenye faili la places.sqlite, na kuna folda ya bookmarkbackups ambayo huwa inajiwekea nakala zenyewe, unazirudisha kupitia dirisha la kusimamia bukumaki. Angalizo: ukirudisha nakala hapo inafuta zilizopo sasa hivi na kuweka za kwenye nakala, haichanganyi. Kwa Chrome, andika chrome://version uangalie njia ya profaili, ndani yake kuna faili linaitwa Bookmarks na jingine Bookmarks.bak. Hilo la pili ni nakala ya nyuma kidogo, likopi pembeni mapema, maana ukiendelea kutumia brauza linaweza kuandikwa juu na vitu vipya.

Na usinambie ningewasha kusinki, ile ya brauza kupeleka vitu vyako kwenye seva ili vifanane kwenye simu na kompyuta. Nimeizima kwa kutaka, sipendi vitu vyangu vikae kwenye seva ya mtu, na brauza yenyewe ndo imenipa hiyo nafasi ya kuchagua, kwa hiyo vilivyo kwenye kompyuta yangu vilindwe vile vile. Halafu kusinki sio bakapu. Ukifuta bukumaki kwenye simu, na kwenye kompyuta inafutika, ndo kazi yake hiyo, kufananisha. Bakapu ni faili la HTML unalolitoa mwenyewe. Chrome na Firefox kwenye Windows ukibonyeza Ctrl+Shift+O unafika kwenye bukumaki, unachagua kuhamisha kwenda HTML, linatoka faili dogo tu ambalo brauza yoyote inalisoma. Mimi sasa hivi ninalo kwenye flashi na jingine nimejitumia kwa barua pepe.

Setingi ndo hazikurudi zote. Paswedi zimerudi, historia imerudi, lakini programu-jalizi mbili toleo jipya limezikataa, ukubwa wa maandishi umerudi wa kiwanda, na hivi ninavyosoma usiku ni shida kwa macho. Batani nilizozipanga juu zimetawanyika. Nikafikiria nirudi toleo la nyuma, wakasema profaili ikishafunguliwa na toleo jipya la zamani halitaikubali. Sababu naielewa, muundo wa mafaili unabadilika na kuyarudisha nyuma kunaweza kuyaharibu. Sasa kama mnajua hakuna kurudi, si mniulize kabla ya kwenda?

Apdeti zenyewe sizipingi, brauza isiyoapdetiwa ni mlango wa wezi na hilo nalijua vizuri. Ninachotaka ni sentensi moja tu kwenye ule ukurasa wa kukaribisha: tumeona profaili ya zamani kwenye kompyuta hii, unataka kuitumia? Folda ipo pale, programu inaiona, inakosekana batani tu. Kuna mzee mahali amefungua brauza yake leo, picha za wajukuu alizoziwekea alama hazipo, na yeye hatajua kitu kinaitwa profaili, ataamini vimepotea na ataanza upya.

Nyota mbili kati ya tano. Moja ya kasi, moja kwa sababu data haikufutwa. Nimewaandikia tena nikawaeleza hatua kwa hatua nilivyorudisha, nikawaomba waliondoe lile jibu la kufuta data kwenye majibu yao, bado hawajanijibu.