Pampu ya bwawa la bustani: ipi ununue, ipi uiache dukani

Ukiingia duka la pampu Kariakoo na kusema unataka pampu ya bwawa, muuzaji atakuuliza kwanza: "Hosipawa ngapi?" Swali hilo linamfaa anayepandisha maji kwenye simtanki. Maji ya bwawa la bustani hayaendi mbali, ila yanazunguka usiku na mchana, mwezi baada ya mwezi. Kwa hiyo wewe uliza lita kwa saa, uliza na wati.

Pima bwawa kabla ya kutoka nyumbani. Zidisha urefu kwa upana kwa kina, vyote kwa mita, kisha mara 1,000. Bwawa la mita 2 kwa 1.5 lenye kina cha sentimita 60 lina lita 1,800. Kama umefuga samaki, maji yote yapite kwenye chujio angalau mara moja kila saa mbili, yaani lita 900 kwa saa. Koi ni walaji na wachafuzi wakubwa; hao wahesabie mzunguko mmoja kila saa.

Sasa soma boksi vizuri, maana wengi hupigwa hapa. Limeandikwa lita 3,000 kwa saa, na pembeni kwa maandishi madogo, "H max" (kimo cha mwisho pampu inachoweza kufikisha maji) mita 2. Lita hizo 3,000 ni za pampu isiyopandisha maji hata kidogo. Kwenye kimo cha mita 2 haitoi hata tone. Ukitaka maji yaporomoke kutoka kwenye mawe yaliyo mita moja juu ya uso wa bwawa (pima kutoka kwenye uso, si kutoka chini pampu ilipokaa), tegemea kama nusu tu, na ukifunga mpira mwembamba kuliko mdomo wa pampu utapoteza zaidi. Mimi sinunui pampu ambayo H max yake haifiki mara mbili ya kimo ninachohitaji.

1. Pampu ya kuzama ya bwawa, inayozungushwa kwa sumaku. Kwa nyumba nyingi hii inatosha. Waya za mota zimefungiwa ndani ya resini, na rota ya sumaku inazunguka majini, kwa hiyo hakuna oili ya kuvuja. Haina kelele. Ya wati 40 ikiwaka saa 24 inakula uniti 29 hivi kwa mwezi. Hata hizo si chache: kama LUKU yako iko kundi la D1, lile la watumiaji wadogo wanaolipa bei nafuu, lenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, pampu peke yake imechukua zaidi ya theluthi.

2. Ya sola yenye betri. Bei yake inauma mwanzoni, lakini umeme ukikatika haisimami. Betri ndiyo ya muhimu. Ya sola isiyo na betri hulala jua likizama, na usiku ndipo mimea ya majini inapoacha kutoa oksijeni na kuanza kuitumia. Samaki hupata shida zaidi karibu na alfajiri. Kwa chemchemi ya urembo tu, isiyo na samaki, chukua hiyo isiyo na betri, ya bei nafuu.

3. Pampu ya akwariamu. Inafaa beseni au mtungi wenye yungiyungi. Basi.

4. Ya kuzama ya maji machafu. Azima siku ya kukausha bwawa ulisafishe. Nyingi zina oili ndani. Sili inayoizuia isivuje ikichoka, oili inaingia kwa samaki.

5. Ile ya nusu hosipawa ya kupandishia maji. Ndiyo muuzaji atakayoisukuma kwako. Ni karibu wati 370: ukiiwasha mfululizo ni zaidi ya uniti 260 kwa mwezi. Tena impela yake, yaani kigurudumu kinachosukuma maji, imebanana na ganda, mchanga kidogo tu unaikwangua.

Yoyote utakayochukua, hakikisha waya wake unafika kwenye soketi bila kuungwa majini, na fundi umeme aweke kifaa cha kukata umeme unapovuja, cha miliampia 30. Kabla ya kulipa, fungua kifuniko cha mbele uione impela, kisha uliza kama wanauza impela ya akiba. Jibu likiwa hapana, omba wapunguze bei, au nenda duka la pili.