Kozi ya vipaumbele vya utafiti wa VVU, Kampala: siku nne, vibandiko vitano

Nilitoka Busia na teksi ya alfajiri, shilingi 300,000 za ada nimezitoa mfukoni mwangu. Kwa hiyo nitasema nilichokiona.

Kozi ni ya sisi wanagenzi wa afya ya jamii, tujifunze kuchagua swali la VVU linalostahili kutafitiwa. Siku ya kwanza ilikuwa slaidi tupu: ugonjwa wa "slim" (UKIMWI ulivyoitwa mwanzoni) wa Rakai mwaka 1985, kuanzishwa kwa TASO, shirika la kuwasaidia wanaoishi na VVU, mwaka 1987, majaribio ya tohara ya wanaume kama kinga. Mambo tunayoyajua. Nusu ya darasa walikuwa kwenye simu.

Siku ya pili ndiyo ililipa nauli yangu. Maswali kumi na mawili yalibandikwa ukutani, kila mtu akapewa vibandiko vitano vya kupigia kura. Unajiuliza: linajibika? Jibu litafika kituo cha afya? Litapunguza maambukizi kiasi gani? Maskini atalionja? Wengi tulikimbilia lenacapavir, sindano ya kukinga VVU inayochomwa mara mbili kwa mwaka. Katika jaribio la Uganda na Afrika Kusini lililotangazwa 2024, wanawake 2,134 waliochomwa, hata mmoja hakuambukizwa. Mwezeshaji akatutazama. "Kama inakinga mmeshajua. Sasa mnatafuta nini?" Chumba kizima kimya. Hatukuwa tumefikiria muuza samaki wa Majanji, kule ziwani, atakayekuwa mwalo mwingine siku ya sindano ya pili.

Mimi kibandiko kimoja nilikipeleka kwa madereva wa malori. Pale mpakani namwona mtu anachukua ARV, dawa za VVU, kwetu, zinamwishia Mombasa. Swali langu lilipata kura tatu, moja yangu. Sawa tu.

Lawama yangu ni hii: mama anayeishi na VVU aliletwa siku ya nne, dakika ishirini, baada ya chai. Akasema, "Wanangu, kila mara mnapima kama nimemeza. Siku nzima ninayopoteza kuzifuata dawa, nani ameipima?" Watu wakainuka kuhamisha vibandiko vyao, lakini orodha ilikuwa imeshachapwa.

Chakula kizuri, matoke na mchuzi wa karanga. Cheti wamekosea jina langu.

Wilaya ikikulipia, nenda. Ukijilipia, piga simu kwanza uulize yule mama anakuja siku ya ngapi.