Gesi, mkaa, vifuu au kuni: nishati gani ununue Tanga

Ukiuliza Ngamiani au pale sokoni Mgandini kipi ni rahisi, utajibiwa kwa bei ya kopo la mkaa. Bei hiyo peke yake haitoshi kuamua. Unachonunua ni joto, tena lile linalofika sufuriani, na kila nishati ina namna yake ya kukupunja njiani.

Kilo ya mkaa ikiisha hubaki majivu kidogo tu. Kaboni yake haikupotea. Imeshikana na oksijeni ya hewani ikawa kaboni dayoksaidi, na kwa kuwa oksijeni nayo ina uzito, kilo moja ya kaboni safi huondoka jikoni ikiwa karibu kilo 3.7 za hewa hiyo. Majivu ni madini ambayo mti uliyanyonya ardhini, nayo hayaungui. Joto linatokana na muungano huo: kaboni ikishakamatana na oksijeni hubaki na nishati ndogo kuliko mwanzo, na ile ziada ndiyo inayopika wali. Kwa hiyo nimepanga kwa kutazama nani anaungua vizuri na nani anafikisha joto chunguni.

1. Gesi ya mtungi

Ni propani na butani. Kilo moja ina takriban megajuli 46 (megajuli ni kipimo cha nishati), na jiko zuri hufikisha zaidi ya nusu ya joto hilo sufuriani. Mkaa una kama megajuli 29, na kwenye jiko la kawaida la bati hufikisha kama moja ya tano. Kwenye jiko banifu lenye udongo ndani, kama theluthi. Piga hesabu: kilo moja ya gesi inafanya kazi ya karibu kilo 3 za mkaa kwenye jiko banifu, au kilo 4 na ushei kwenye jiko la bati. Basi chukua bei ya kilo ya mkaa mtaani kwako, zidisha kwa 3 au 4, kisha linganisha na bei ya kujaza mtungi ukiigawa kwa kilo zake. Wengi watashangaa, hasa wanaonunua mkaa kwa kopo, maana rejareja ndiyo ghali kuliko zote.

Moto wake uwe wa buluu. Ukiona wa njano na sufuria inaingia masizi, hewa haitoshi na kaboni inatoka haijaungua. Safisha matundu ya jiko. Ila sufuria ya maji baridi ikitoka jasho kwa nje dakika za mwanzo, usidhani inavuja. Haidrojeni ya gesi huungua ikawa maji, na kilo ya gesi hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya mvuke.

Wakati wa kununua, dai mizani. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye mtungi wenyewe. Jumlisha kilo 6 au 15 za gesi uone kama zinatimia. Pima maungio ya regyuleta na mpira kwa povu la sabuni, usipime kwa kiberiti. Gesi hii ni nzito kuliko hewa na hutuama chini, kwa hiyo dirisha la juu halitoshi; uwepo mlango au tundu la chini pia.

2. Mkaa, kwenye jiko banifu

Siuweki wa pili kwa huruma. Wali wa kupalia na mkate wa kumimina vinataka moto juu ya mfuniko, na jiko la gesi haliwezi kazi hiyo. Lakini nunua kwa kuuchagua. Kipande cha mti mgumu ni kizito, na ukikigonga kinalia kama kigae. Chepesi cha mwembe kinawaka haraka na kwisha haraka. Angalia chini ya gunia, lumbesa inapendeza juu huku chini zimejaa chenga. Vijinga visivyoiva vitakutolea moshi, na mkaa ulionyeshewa masika unakuuzia maji kwa bei ya mkaa.

Zile ndimi za buluu zinazocheza juu ya makaa ni monoksidi ya kaboni inayoungua. Isipoungua ni sumu isiyo na harufu, ndiyo maana jiko la mkaa halilazwi chumbani. Pia ni hasara ya fedha: kaboni inayoishia kwenye monoksidi hutoa chini ya theluthi ya joto lake. Usilizibe jiko tundu la chini ukidhani unabana matumizi.

Na ukumbuke kwamba tanuri la kienyeji hula kilo 5 hadi 10 za mti kutoa kilo moja ya mkaa. Nishati nyingi ilishapotea porini kabla gunia halijafika mjini.

3. Vifuu, makumbi na mkaa mbadala

Kwa anayeishi karibu na wanaokuna nazi, vifuu ni joto kali kwa bei ndogo, ila vina moshi mwingi mwanzoni, washia nje. Makumbi ni ya kuwashia tu. Mkaa mbadala uulize umetengenezwa na nini, maana upo wa mabaki ya mimea na upo wa makaa ya mawe, kama ule wa STAMICO, Shirika la Madini la Taifa. Ukibaki na majivu mengi, ujue udongo uliogundishia ulizidi.

4. Kuni

Kavu tu. Kila kilo ya maji yaliyomo ndani ya kuni hula takriban megajuli 2.5 ili igeuke mvuke, na moto ukipoa, moshi unaotoka ni nishati uliyoilipia ikipita dirishani. Gonga vipande viwili. Vikitoa mlio mkavu, chukua. Za mikoko usiziguse.

5. Mafuta ya taa

Yana joto jingi, kama megajuli 43 kwa kilo, lakini tangu 2011 kodi yake ilipopandishwa kukomesha uchakachuaji wa dizeli, sioni sababu ya kuyapikia. Weka nusu lita ya dharura, na utambi ukate sawasawa.